Pazia la Studio na Mkono wa Fundi: Habari za Picha za Msimbazi na Pwani Yetu

Watu wanapozungumza juu ya sanaa za taifa letu aghalabu hutaja ngoma, vinyago vya Kimakonde, ususi wa mikeka na vikapu, nakshi za milango ya Unguja, na ushairi. Ni nadra sana kumsikia mtu akiitaja picha ya kamera. Sababu wanayoitoa ni kwamba picha ni kazi ya mashine, na mashine yenyewe ilitoka Ulaya. Basi, husema, hapana sanaa yetu ndani yake. Katika insha hii tunakusudia kuonyesha kwamba maoni hayo yana kasoro. Kwa muda mrefu picha iliyopigwa katika miji ya pwani yetu haikuwa kazi ya mashine peke yake. Ilipita mikononi mwa fundi mara kadhaa kabla ya kumfikia mwenyewe, na kila ilipopita iliongezwa jambo ambalo kamera haikuwa na uwezo wa kulitoa. Kazi hiyo ya mkono ndiyo tutakayoieleza, kwa sababu inapotea upesi, na kwa sababu vijana wanaotengeneza picha kwa kompyuta katika mitaa ya Kariakoo wanaifanya upya bila kujua kwamba iliwahi kufanywa.

Kabla ya kuendelea hatuna budi kueleza neno moja. Kila kitu kina hali ya uso wake. Mkeka una mistari iliyopandana. Ukuta wa chokaa una vipele na nyufa. Bati kuukuu lina kutu. Gunia la katani lina nyuzi zinazochoma. Mtu akivitazama vitu hivi, hata bila kuvigusa, vidole vyake hujua vingehisi nini. Wachoraji huihesabu hali hiyo pamoja na mstari, umbo na rangi kuwa miongoni mwa misingi ya kazi yao. Katika kurasa hizi, basi, tukisema uso tutakuwa na maana ya uso wa kitu, yaani ukali au ulaini wake unaoonekana kwa macho. Uso wa mtu tutauita sura, ili mambo yasichanganyike.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa huko Paris mwaka 1839, na mkono wa binadamu uliingilia kati karibu tangu siku za kwanza. Picha za mwanzo hazikuwa na rangi, na wateja walitaka rangi. Hivyo wachoraji wa picha ndogo, ambao kamera ilikuwa imewanyang'anya riziki, walichukua brashi zao wakaanza kupaka mashavu wekundu. Mwaka 1855, katika maonyesho makubwa ya Paris, watu walionyeshwa picha mbili za mtu mmoja kutoka kwa fundi wa Kijerumani: moja kama ilivyotoka katika kamera, na ya pili ikiwa imerekebishwa kwa mkono juu ya negativu. Inasemekana jambo hilo liliwashangaza wengi. Tangu hapo hakuna aliyeweza kudai kwa haki kwamba kamera haisemi uongo. Lakini pia hakuna aliyeweza kudai kwamba picha ni kazi ya kamera tu.

Kamera ilifika pwani yetu mapema. James Grant, aliyefuatana na Speke katika safari ya kutafuta chanzo cha Nile, alipiga picha Unguja mwaka 1860. Hiyo ilikuwa kamera ya mpita njia. Studio za kudumu zilikuja baadaye, katika nusu ya pili ya karne ya 19, na wengi wa wenyewe walikuwa Wagoa. A. C. Gomes alifanya kazi Unguja, na kampuni yake ikawa na tawi Dar es Salaam. Wako pia kina Coutinho na Pereira de Lord. Katika Dar es Salaam ya Wajerumani walikuwako Vincenti na Walther Dobbertin. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua studio yake katika Mji Mkongwe wa Unguja, akaiita Capital Art Studio. Msomaji ataona kwamba katika majina hayo halimo hata moja la Mwafrika. Hali hiyo haikuwa ya bahati mbaya. Vyombo vilikuwa ghali, dawa zilikuja kwa meli, na wenye studio waliwafundisha kwanza jamaa zao. Lakini kutokuwako kwa jina mlangoni si ushahidi kwamba mikono ya Waafrika haikuwako ndani. Palihitajika mtu wa kuchanganya dawa, wa kuosha karatasi, wa kukaza pazia na kulipaka. Mtu huyo hakuandikwa popote, na ndiye anayetuhusu.

Na sasa tuje Msimbazi. Jina hili ni la mto unaoanzia katika vilima vya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Salenda. Ni jina pia la barabara inayopita upande wa magharibi wa Kariakoo, kuanzia Barabara ya Morogoro kuelekea Gerezani. Kariakoo yenyewe ilipangwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916, kikosi chao cha wapagazi kiliwekwa hapo, na neno lao la Kiingereza la kikosi hicho likageuka katika midomo ya wananchi likawa Kariakoo. Wakati wa ukoloni wa Kiingereza mji uligawanywa kwa rangi ya watu: Uzunguni, Uhindini, na huku kwa Waafrika, Kariakoo na Ilala. Studio kubwa zilikuwa kule mjini. Mtu wa Kariakoo aliyetaka picha alivuka uwanja wa Mnazi Mmoja akiwa amevaa nguo yake nzuri, akaenda kukaa mbele ya pazia la watu wengine.

Pazia hilo lilikuwa na nini? Katika studio za zamani za dunia nzima mapazia yalifanana, kwa sababu mengi yalitengenezwa Ulaya na kuuzwa kwa katalogi: nguzo za mawe, ngazi za kasri, bustani yenye ziwa na bata maji, dirisha lenye vioo vya rangi. Ndiyo maana katika picha za zamani za pwani utamwona mzee wa kanzu na kofia, mkongojo mkononi, akisimama mbele ya bustani ambayo hakuna mtu wa hapa aliyepata kuiona. Wako wanaolicheka jambo hili, na wako wanaolichukia kama alama ya utumwa wa mawazo. Sisi tunaona kwamba hukumu hizo zote mbili zinafanywa upesi mno. Pazia lilikuwa na kazi nyingine isiyoonekana mara moja, kazi ya kutatua tatizo ambalo watengenezaji wa kamera hawakulitatua.

Tatizo hilo lilikuwa hili. Sahani za kioo na filamu za mwanzo hazikuisikia rangi nyekundu. Ngozi ya kahawia hurudisha mwanga mwingi katika upande wa rangi nyekundu na machungwa kuliko upande wa buluu. Kwa hiyo filamu iliyo kiziwi kwa nyekundu huionyesha ngozi hiyo nyeusi kuliko ilivyo machoni. Filamu zinazosikia rangi zote zilipoenea, baada ya miaka ya 1920, taabu ilipungua lakini haikwisha. Mtu mwenye ngozi nyeusi aliyevaa kanzu nyeupe huitaka filamu ipokee mambo mawili yanayopingana: ukiweka kipimo cha kanzu, sura hupotea gizani, ukiweka kipimo cha sura, kanzu huungua ikawa karatasi tupu. Ukimsimamisha mbele ya shuka nyeupe mambo huzidi kuharibika, maana kipimo cha mwanga hudanganywa na weupe wa shuka na kupunguza mwanga wa sura. Filamu za rangi nazo zilipokuja zilipimwa kwa picha za wanawake wa Kizungu. Jean-Luc Godard, mtengenezaji filamu wa Ufaransa, alipokwenda Msumbiji kwa mwaliko wa serikali mwaka 1977 na 1978, anakumbukwa kwa kuikataa filamu ya Kodak akisema kwamba ina ubaguzi wa rangi. Maneno hayo yalizungumzwa sana duniani kama jambo jipya. Fundi wa studio wa pwani yetu alikuwa amelijua jambo lenyewe miaka mingi kabla, ingawa hakuliita kwa jina hilo. Aliliona kila siku katika beseni lake la dawa.

Dawa yake ya kwanza ilikuwa pazia. Hakutumia jeupe wala jeusi. Alichukua kitambaa cha amerikani, akakikaza juu ya fremu ya mbao, akakipaka gundi au wanga mzito ili nyuzi zisinywe rangi, kisha akakipaka chokaa iliyochanganywa na rangi ya unga mpaka ikapatikana kijivu cha kati. Juu ya kijivu hicho, kabla hakijakauka sawasawa, alipigapiga kwa sifongo au kitambaa kilichokunjwa, hapa akizidisha weupe, pale akizidisha weusi, hata pazia likafanana na wingu zito la masika. Katikati, mahali kichwa cha mteja kitakapokuwa, aliacha mwanga kidogo. Pembeni aliingiza giza. Rangi haikutakiwa kung'aa, maana uso unaong'aa hurudisha taa na kufanya doa. Mteja aliketishwa hatua mbili mbele ya pazia, hivyo kamera ikamshika yeye kwa ukali na pazia likabaki na ukungu. Katika picha iliyotoka sura nyeusi haikuzama tena. Ilikuwa na weusi nyuma ya upande wake wenye mwanga, na mwanga nyuma ya upande wake wenye kivuli. Huo ni ujuzi wa mchoraji kamili, nasi hatuoni sababu ya kuuweka chini ya ujuzi wa mchonga vinyago.

Mwenye shaka na achukue picha mbili za zamani za familia yake, moja iliyopigwa studio na moja iliyopigwa nje mbele ya ukuta mweupe saa sita mchana, azilinganishe sura.

Dawa ya pili ilikuwa penseli. Negativu ni picha iliyopinduliwa: palipo peusi juu yake patakuwa peupe katika karatasi, na palipo peupe patakuwa peusi. Kwa hiyo fundi akiongeza wino wa penseli juu ya negativu, mahali hapo hung'aa katika picha. Akikwangua kwa ncha ya wembe, mahali hapo huwa peusi. Kwa njia hii mikunjo chini ya macho ililainishwa, kovu likapunguzwa, na sura iliyozama ikafunguliwa. Lakini negativu ni laini kama kioo, na penseli huteleza juu yake. Fundi aliyeyusha utomvu katika tapentaini akaipaka kwa pamba, tone moja tu, ikakauka na kuacha uso wenye ukali mdogo sana usioonekana kwa macho, ambao penseli iliweza kuushika. Hapo ndipo alipofanya kazi, negativu ikiwa juu ya kioo cha ukungu chenye mwanga kwa nyuma, na penseli ikiwa imechongwa ndefu kama sindano. Hakupiga mistari. Mstari huonekana. Alitia nukta na viduara vidogo vilivyopishana, kwa kuiga chembe za fedha zinazoifanya picha yenyewe, hata jicho lisiweze kutambua wapi kamera imeishia na wapi mkono umeanza.

Hatuwezi kupita hapa bila kusema neno juu ya matumizi mabaya ya ufundi huu. Penseli ile ile iliyofungua sura iliyozama iliweza pia kuifanya sura kuwa nyeupe kuliko ya mwenyewe, na wateja wa namna hiyo walikuwako, kama wanavyokuwako leo wa dawa za kujichubua. Fundi hakuwa mwalimu wa siasa. Alifanya alilolipwa kulifanya. Hata hivyo ipo tofauti kati ya kuurudishia uso wa mtu kile ambacho filamu imemnyima na kumpa asichokuwa nacho, na tofauti hiyo yafaa kuzungumzwa darasani, kwa sababu vitufe vya kusafisha sura vilivyo katika simu za mkononi hufanya kosa hili la pili kwa kila mtu bila hata kuulizwa.

Katika chumba cha giza kulikuwa na ujanja mwingine mwingi. Wakati mwanga wa mashine ya kukuzia picha ukimulika karatasi, fundi aliingiza mkono wake katikati, akaupunga juu ya kivuli cha sura ili isipate weusi mwingi, kisha akakunja vidole vyake vikaacha tundu dogo la kuongezea mwanga juu ya kanzu. Wengine walitandaza soksi ya hariri mbele ya lenzi ili kulainisha picha. Na lipo jambo moja ambalo tunaomba msomaji alishike, maana tutalirudia: yalikuwako mafundi waliyoyapiga picha mavitu yasiyo na maana yenyewe, kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi nene, karatasi ya kukwaruza, mchanga, wakapata negativu nyepesi ya uso ule peke yake. Negativu hiyo waliibandika juu ya negativu ya mteja wakazipitishia mwanga pamoja. Picha ilitoka kana kwamba imechorwa juu ya turubai. Viwanda vya Ulaya na Marekani viliuza negativu za namna hiyo tayari, lakini hakuna kilichomzuia mtu yeyote mwenye kamera na kipande cha gunia kujitengenezea yake.

Rangi nayo iliwekwa kwa mkono. Picha iliyochapwa katika karatasi isiyong'aa ilipakwa rangi nyepesi za mafuta kwa pamba iliyozungushiwa kijiti: mdomo, bangili, ua la kanga. Karatasi yenye kung'aa haikufaa kwa rangi za mafuta kwa kuwa hazikupata pa kushika. Kila picha iliyopakwa hivyo ni moja tu duniani. Hata negativu ikiwako, rangi ile haiwezi kurudi.

Aliyeupeleka mbali zaidi ufundi wa kuunganisha katika pwani ya Kiswahili alikuwa Omar Said Bakor wa Lamu, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993. Hakusomea upigaji picha katika chuo chochote. Alijifundisha mwenyewe, akapiga picha kwa kuzungukazunguka, kisha akafungua studio yake katika mji huo. Katika chumba chake cha giza aliunganisha negativu mbili na zaidi, akamweka mtu ndani ya umbo ambalo hakuwahi kuwamo, akafanya kwa mkasi, karatasi nyeusi na mwanga yale yanayofanywa leo kwa programu. Kazi zake zimeonyeshwa Ulaya na kuandikiwa na wataalamu wa huko. Kwetu jina lake halijulikani shuleni. Huko Mombasa, N. V. Parekh naye aliwaweka vijana wa Kiafrika, wa Kihindi na wa Kiarabu mbele ya mapazia yake wakajionyesha kama wacheza sinema. Na wapiga picha wa kivuko cha Likoni, katika miaka ya 1990, walijijengea vibanda vya mbao wakavipamba kwa mapazia yenye meli, ndege na majumba marefu. Bustani ya bata maji ilikuwa imekwisha. Watu waliweka katika pazia safari walizozitamani wenyewe. Mbali na pwani yetu, kule Bamako katika nchi ya Mali, Seydou Keïta alifungua studio mwaka 1948 akatumia shuka ya kitanda chake kuwa pazia, na michoro ya mapazia yake ikashindana na maua ya nguo za wateja. Picha zake leo zimo katika majumba makubwa ya makumbusho duniani.

Baada ya Uhuru studio ziliongezeka katika mitaa ya Waafrika, kwa sababu Uhuru uliongeza haja ya picha: harusi, kuhitimu shule, kadi, vitambulisho, picha ya kuipelekea familia iliyobaki kijijini. Wizara ya Utamaduni na Vijana iliundwa mwaka 1962, na ngoma na lugha zikapewa heshima yake. Mwaka 1975 soko jipya la Kariakoo lililobuniwa na Beda Amuli lilifunguliwa, na mapaa yake ya zege yaliyo kama miavuli yakawa yenyewe pazia la picha nyingi za wageni kutoka mikoani. Hata hivyo hatukumbuki pazia la studio kuwekwa katika orodha ya sanaa za taifa. Eduardo Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora mwaka 1968 huko Msasani kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya ubao, aliingia katika orodha hiyo, na ni haki yake. Lakini yeye aliwauzia watalii, na mchoraji wa pazia aliwachorea wananchi. Pengine hiyo ndiyo sababu ya mmoja kuonekana na mwingine kusahauliwa.

Kisha zikaja dhiki. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, fedha za kigeni zilikuwa adimu, na kila kitu cha kutoka nje kilipatikana kwa taabu. Filamu, karatasi na dawa za picha zote zilikuwa za kutoka nje. Milango ya biashara ilipofunguliwa tena, zilikuja mashine za kusafisha picha za rangi kwa saa moja. Mashine hizo hazina nafasi ya mkono kupita. Negativu ni ndogo mno kwa penseli, karatasi ni ya plastiki na haishiki rangi, na aliyeketi nyuma ya mashine hamjui mteja. Katika miaka michache ufundi wa vizazi vitatu ulikosa mahali pa kufanyiwa kazi.

Picha ya pasipoti ilimalizia yaliyobaki. Dola yoyote, iwe yetu au ya wengine, hutaka sura mbele ya weupe mtupu au rangi moja isiyo na alama. Hatuilaumu, mlinzi wa mpaka hana haja na wingu la masika. Lakini leo, msomaji akipita Msimbazi na mitaa inayokatana nayo, akaingia katika steshenari mojawapo, atasimamishwa mbele ya kipande cha kitambaa au ukuta uliopakwa rangi moja, na picha zake zitakuwa tayari kabla hajafunga vifungo vya shati. Watu wengi zaidi hupigwa picha sasa kuliko wakati wowote uliopita, na wengi wao hupigwa mbele ya kitu kisicho na uso.

Hapa ndipo kompyuta inapoingia, nasi hatukubaliani na wale wanaoilaani. Programu ya Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990, na ndani yake na ndani ya programu nyingine za aina hiyo chumba cha giza kizima kimerudi. Picha huwekwa katika matabaka yanayopandana kama zilivyopandana negativu. Fundi wa Kariakoo akitengeneza kadi ya harusi huweka tabaka la chini lenye picha ya maarusi na juu yake tabaka la ukuta uliochakaa, karatasi ya kale au wingu la rangi, kisha akaiamuru programu izidishe matabaka hayo, yaani weusi wa juu uingie katika picha na weupe wake upotee. Ni ile ile negativu ya gunia. Akitaka mikwaruzo myeupe juu ya picha huamuru kinyume chake. Akitaka sura ibaki safi huifutia tabaka la juu mahali pa sura, kama fundi wa kale alivyopunga mkono.

Tatizo ni kwamba ukuta huo uliochakaa si wetu. Umepakuliwa kutoka katika intaneti. Ni ukuta wa kiwanda cha kale cha Ulaya au karatasi iliyozeeka huko Marekani, na umetumiwa katika kadi elfu nyingine kabla ya hii. Tumerudi kwa bata maji wa katalogi. Safari hii hatuna hata udhuru wa kukosa meli, kwa maana kila kinachohitajika kiko mkononi mwa mwanafunzi wa kidato cha pili.

Njia yenyewe ni rahisi, na tutaieleza kwa ajili ya walimu wa sanaa. Chukua karatasi nzito, uipake chai iliyokolea au maji ya kahawa, uiache ikauke juani nusu yake ikiwa imekunjwa. Chukua nyingine uipake chokaa nzito kwa brashi ya katani na kuikwangua kwa kitana kabla ya kukauka. Weka karatasi nyepesi juu ya mkeka, au juu ya nakshi za mlango, usugue kwa ubavu wa kipande cha mkaa mpaka nakshi zitokee. Piga sifongo lenye rangi ya kijivu juu ya kipande cha amerikani. Kisha vipige picha vyote, kamera ikiwa sambamba na kitu na mwanga ukitoka ubavuni, asubuhi au jioni, kwa sababu jua la utosini huua vivuli vidogo ambavyo ndivyo uso wenyewe. Penye mashine ya skana kazi ni bora zaidi: karatasi ya kawaida ya ofisini, yenye urefu wa milimita 297 na upana wa 210, ikisomwa kwa nukta 300 katika kila inchi, hutoa picha yenye nukta 3508 kwa 2480, ukubwa unaotosha kuchapa ukurasa mzima bila kuharibika. Igeuze iwe ya rangi nyeusi na nyeupe, zidisha kidogo tofauti ya mwanga na giza, uihifadhi kwa jina linalosema ni nini, imetoka wapi na mwaka gani. Darasa la wanafunzi 40 likitoa nyuso mbili kila mmoja, shule imepata hazina ya nyuso 80 ambazo hazina mwenyewe mwingine duniani.

Na vitu vya kunakili havikosekani. Kuta za matumbawe za Kunduchi na Bagamoyo zina matundu ambayo hakuna kiwanda kinachoweza kuyaiga. Mbao za majahazi zina tabaka juu ya tabaka la rangi na chumvi. Mabati ya Ilala yana kutu ya namna yake. Soko la Kariakoo liliungua tarehe 10 Julai 1987? La hasha, ilikuwa Julai 2021, na tunaiuliza tarehe kwa makusudi, kwa sababu msomaji ataona jinsi inavyokuwa vigumu kukumbuka hata tukio la juzi pasipo picha. Ni nani aliyeupiga picha uso wa zege lile, si jengo zima kwa mbali bali zege lenyewe kwa karibu, lilivyokuwa kabla ya moto?

Tahadhari moja ya ufundi, ambayo tumeiona ikivunjwa mara nyingi. Uso mkali haufai kupita juu ya sura ya mtu mweusi kwa nguvu ile ile unayopita juu ya pazia. Programu inapozidisha matabaka huongeza giza, na sura yenye giza la asili huwa ya kwanza kuzama. Mwanafunzi hudhani amepata picha ya kale, kumbe amelirudisha kosa la sahani za kioo. Punguza nguvu ya tabaka mahali pa sura mpaka vivuli vya mashavu vionekane, kisha ndipo uongeze pembeni. Fundi wa pazia alijua hivyo, ndiyo maana wingu lake lilikuwa na mwanga katikati.

Yamebaki mapazia yenyewe. Picha za viongozi na za sherehe za taifa zimehifadhiwa na Idara ya Habari, lakini pazia la studio ni kitambaa, na kitambaa hakikosi matumizi mengine mwenye studio akifariki: hufunika mzigo, hukatwa tambara. Negativu hukaa katika maboksi ya chuma juu ya dari, na joto na unyevu wa Dar es Salaam huziozesha upesi. Wanafunzi wa Kariakoo, Ilala na Gerezani wako karibu nazo kuliko wataalamu wa chuo chochote. Wakiwauliza wazee wao watapata picha zilizopigwa katika studio, na nyuma ya nyingi watakuta muhuri wa mwenye studio, jina la mtaa na pengine tarehe kwa wino. Wanakili muhuri huo kabla ya kitu kingine chochote. Kisha waigeuze picha, waitazame si sura ya babu tu bali nyuma yake, kwenye lile wingu, na kwa kioo cha kukuzia wazitafute alama za sifongo.